Sura ya Sita: Jibu Linalofika Msangano

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unafika Tunduma na kuvuka mpaka kuingia Zambia, palepale ambapo malori hupanga foleni yakisubiri kupita kwenda Nakonde. Ukitazama ramani ya mkongo huo, Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hauko pembezoni hata kidogo, uko njiani. Lakini ramani haisemi lolote kuhusu mwalimu wa shule anayeishi Msangano, Wilaya ya Momba, bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, ambaye mchana yuko darasani, jioni yuko shambani kwenye mpunga au ufuta, na usiku anaisomea shahada yake kwa simu ambayo chaji yake imebaki robo. Mwalimu huyo ninamtumia hapa kama kipimo tu. Kila njia ya kufundisha chuo kikuu kwa mtandao itakayopendekezwa katika kitabu hiki italetwa mbele yake, nasi tutauliza kama inamfaa. Ninachodai ni kwamba mwanafunzi wa mtandaoni hashikwi na kasi ya intaneti wala uzuri wa video. Anashikwa na kazi aliyopewa wiki hii, na jibu analorudishiwa kabla ya wiki ijayo. Mhadhiri akilipanga somo lake limfae mtu wa Msangano, atakuwa amemfaa pia anayesomea Mikocheni, Dar es Salaam, mwenye intaneti isiyokatika; akilipanga kwa ajili ya Mikocheni peke yake, kuna hatari kubwa asimfae yeyote.

Imani ya kwamba somo zuri la mwalimu bingwa likiwekwa mtandaoni wanafunzi watalifuata wenyewe ilifanyiwa jaribio kubwa kuanzia mwaka 2012. Stanford, Harvard na MIT walifungua kozi huria kwa dunia nzima kupitia Coursera na edX: wahadhiri mahodari, picha safi, milango wazi. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichambua kumbukumbu za kozi za Harvard na MIT, na mwaka 2019 jarida la Science likachapisha walichokiona. Katika mwaka wa masomo wa 2017–18, waliomaliza walikuwa takribani 3 kwa kila 100 waliojiandikisha. Msomaji atasema, na yuko sahihi, kwamba wengi walijiandikisha kwa udadisi tu, kama mtu anavyochungulia duka asilokusudia kununua kitu. Basi tuwatazame wale waliotoa fedha zao ili wapate cheti: hata hao, waliomaliza walikuwa chini ya nusu. Hapa hakuna wa kumlaumu kwa minara ya simu. Wengi wa wanafunzi hao walikuwa na intaneti ambayo Momba wataisubiri kwa miaka mingi, na bado waliondoka kimyakimya.

Utafiti wa Philip Guo na wenzake, uliotoka mwaka 2014, unatuonyesha walivyokuwa wakiondoka. Walichunguza vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za kozi za edX, wakakuta kwamba mtazamaji wa kawaida hakuzidisha dakika 6, hata kama video ilikuwa ndefu mara kadhaa ya hapo. Mhadhara wa saa nzima uliorekodiwa ukumbini na kupandishwa mtandaoni kama ulivyo, jambo ambalo vyuo vyetu vingi bado huliita ufundishaji wa mtandaoni, kwa sehemu kubwa unazungumza na kiti kitupu. Ukumbini mwanafunzi aliyechoka hubaki amekaa kwa sababu mlango unaonekana na mhadhiri anamwona. Kwenye simu, mlango ni kidole gumba.

Afrika Mashariki haina haja ya kujifunza jambo hili kwa Wamarekani, maana ina historia yake, tena yenye pande mbili. Upande wa kwanza ni Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichoanza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia na baadaye, mwaka 2002, kuhamishia makao yake Nairobi. Katika awamu yake ya majaribio mihadhara ilirushwa kwa satelaiti kutoka vyuo vya ng'ambo, ikapokelewa na wanafunzi waliokusanyika kwenye vyuo vya Afrika, nao waliokuwa na maswali waliuliza kwa simu. Teknolojia ilikuwa ya hali ya juu kwa wakati ule. Lakini swali moja la simu haliwezi kubeba ukumbi mzima, na mhadhiri aliye bara jingine hajui ni nani aliyepotea dakika ya kumi. Mradi ulilazimika kubadili mwendo na kuelekea kwenye mafunzo yanayochanganya njia kadhaa, yakiwa na watu wa kuyasimamia mahali pale pale walipo wanafunzi.

Upande wa pili ni redio. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa wiki 12. Karibu watu milioni 2 walishiriki, wengi wao vijijini, kwa chombo kimoja tu kinachozungumza bila kusikiliza. Kwa vipimo vya leo, teknolojia hiyo ni duni kupita satelaiti, na ni duni mno kupita simu ya yule mwalimu wetu. Siri ya kampeni haikuwa kwenye matangazo. Kabla ya kipindi cha kwanza kusikika walikuwa wamekwisha kufundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Kikundi kilikaa pamoja, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu kwa sauti ili asiyejua kusoma naye aingie, kikajadili, kisha kikaamua jambo la kufanya kabla ya kukutana tena: kuchimba choo, kufyeka vichaka kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Uamuzi huo ulionekana kwa macho. Jirani aliweza kuuliza choo kimefikia wapi. Kwa maneno mengine, ujumbe ulibebwa na redio, lakini watu walibebwa na kikundi pamoja na kazi ya wiki. Somo liliwekwa mahali pake na ushiriki ukawekwa mahali pake, na vyote viwili viligharamiwa.

Hapo mwanachuo makini atainua mkono. Mtu ni Afya ilifundisha usafi, siyo kalkulasi wala sheria ya mikataba, na vikundi vyake vilikaa chini ya mwembe mmoja, uso kwa uso. Tofauti hizo ni za kweli. Ugumu wa somo, hata hivyo, unaizidishia hoja nguvu badala ya kuipunguza: kama watu walihitaji kikundi na kiongozi ili kuelewa kwa nini maji yachemshwe, vipi tutegemee mwanafunzi aelewe uchambuzi wa takwimu peke yake, usiku, kwa faili la kurasa 80? Kuhusu uso kwa uso, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeshughulika na swali hilo tangu mwanzo. Kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kikiwa na vitabu vya kujisomea, vituo vya mikoa na vipindi vifupi vya kukutana. Leo masomo yake yako kwenye mfumo wa Moodle. Historia ya chuo hicho ni ya kuheshimiwa, kwa kuwa kilimpa nafasi mtu ambaye mwajiri wake asingemruhusu kwenda kuishi Dar es Salaam miaka 3. Lakini katika vyuo vyote vya namna hii, Uingereza hadi Afrika Kusini, tatizo sugu ni moja: upweke. Mwanafunzi huahirisha mtihani mmoja, kisha mwingine, na hakuna anayegundua mpaka jina lake linakuwa la mtu wa zamani.

Michael Moore, mmoja wa wanazuoni walioijengea elimu ya masafa msingi wa nadharia, aliandika kwamba umbali unaodhuru si wa kilomita. Ni ule uliopo kati ya anachokielewa mwanafunzi na anachokidhani mwalimu kwamba kimeeleweka. Hupungua kwa mazungumzo na kwa mpangilio mzuri wa somo, na unaweza kuwa mkubwa hata ndani ya ukumbi mmoja. Mwaka 1989 aliyagawa mazungumzo hayo mafungu matatu: ya mwanafunzi na somo, ya mwanafunzi na mwalimu, ya mwanafunzi na wenzake. Terry Anderson aliongeza mwaka 2003 dai lenye manufaa makubwa kwa chuo kisicho na fedha nyingi. Alisema kwamba kujifunza kwa kina kunawezekana ikiwa hata fungu moja kati ya hayo liko juu. Mengine mawili yanaweza kuwa machache bila kuharibu elimu. Hii maana yake chuo kinaweza kuchagua. Hakilazimiki kuwa na studio, madarasa mubashara na jukwaa la majadiliano kwa wakati mmoja. Kinachotakiwa ni kuchagua fungu ambalo kinaweza kulifanya vizuri, kisha kulifanya kweli. Vyuo vingi hufanya yote matatu nusunusu.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo mipango mizuri huanguka. Video inayotiririka kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Kozi moja yenye vipindi 3 vya mubashara kwa wiki, kwa wiki 15, itakula zaidi ya gigabaiti 20, na mwanafunzi hasomi kozi moja. Sauti peke yake, iliyobanwa hadi kilobiti 24 kwa sekunde, hula megabaiti 11 hivi kwa saa. Maelezo ya dakika 10 hayafiki megabaiti 2. Kurasa 20 za maandishi matupu ni ndogo kuliko picha moja ya harusi iliyotumwa kwenye kundi la ukoo. Mwalimu wa Msangano anaweza kupokea maandishi na sauti ya wiki nzima kwa bando dogo kabisa, akayashusha saa kumi usiku mtandao ukiwa mwepesi, akazima data na kuyasikiliza akitembea kwenda shuleni. Mubashara hapana: mvua ikinyesha na mnara ukayumba, amekosa, na alichokosa hakirudi. Hesabu hii haisemi kwamba video haina kazi yake. Jinsi ya kufunga bandeji au kuchora mchoro wa umeme huonyeshwa, haisimuliwi. Basi video iwe ya jambo hilo tu, iwe ya dakika chache, na isibebeshwe mhadhara mzima.

Kilichobaki baada ya kuondoa uzito huo ndicho ufundishaji wenyewe. Wiki ya kozi ya namna hii huanza na swali moja lenye uzito, ambalo halijibiki kwa kunakili ukurasa wa maelezo. Mwanafunzi wa uchumi aliye Songwe anaweza kuulizwa kwa nini bei ya ufuta kwa mkulima inatofautiana na ile ya mnadani, au thamani ya kwacha inapobadilika dhidi ya shilingi ni nani Tunduma anayeumia kwanza. Anasoma na kusikiliza, anajipima kwa maswali mafupi bila kutazama maelezo, anajadiliana na kikundi cha watu 6, kisha kikundi kinatuma jibu la ukurasa mmoja kabla ya Jumamosi. Kikundi kidogo nasisitiza, kwa kuwa kundi la WhatsApp lenye watu 200 halijadili chochote. Hujaa salamu za asubuhi, taarifa za misiba na mtu anayeuliza mtihani ni lini. Watu 6 walioko Vwawa, Mlowo, Tunduma, Chitete na Msangano wanajuana, na akinyamaza mmoja kwa siku 4 atapigiwa simu. Wawili wakifika Tunduma siku ya gulio watakaa pamoja saa moja, na hapo ana kwa ana imepatikana bila chuo kukodi ukumbi.

Yale maswali mafupi ya kujipima hudharauliwa kama mambo ya shule ya msingi, na dharau hiyo ni kosa la gharama. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo kila mhadhiri angepaswa kulijua. Wanafunzi walisoma kifungu. Baadhi wakakirudia kukisoma, wengine wakafunika karatasi na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Kujipima hakuhitaji kompyuta ya kisasa. Maswali 5 kwenye ujumbe wa simu, na majibu yake yaliyotumwa kesho yake pamoja na sababu, yanatosha.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo kuhusu ufundishaji wa mtandaoni haviligusi, nalo hapa kwetu linaweza kuwa kubwa kuliko bando. Lugha ya kufundishia chuo kikuu Tanzania ni Kiingereza. Ukumbini mwanafunzi hujificha katika umati. Kwenye jukwaa la maandishi kila kosa la sarufi linabaki pale, na jina lake juu yake. Matokeo ni ukimya ambao mhadhiri huutafsiri kuwa ni uvivu. Njia rahisi ni kuruhusu majadiliano ya kikundi yaende kwa Kiswahili, yawe ya sauti au maandishi, na jibu la mwisho liandikwe kwa Kiingereza ambacho kikundi kimekikarabati pamoja. Wapo watakaosema kwamba huko ni kulegeza kanuni. Lakini kanuni inahusu kazi inayosahihishwa, na mtu anayefikiri kwa Kiswahili saa 2 kisha akaandika Kiingereza ukurasa mmoja amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyenyamaza kwa Kiingereza muhula mzima.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usawa. Je, mpango huu si wa kumpa mtu wa kijijini elimu ya daraja la pili, maandishi na sauti, huku mwenzake wa mjini akipata mhadhiri hai? Serikali ijenge minara kwanza, wanasema, na mpaka hapo tusihalalishe unyonge. Minara ijengwe, sina ubishi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kwa kazi hiyo. Lakini pingamizi hili linachukulia kwamba mhadhara ndio daraja la kwanza, na ushahidi hauko upande huo. Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, na mwaka 2014 wakaonyesha kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa mihadhara mitupu walikuwa na uwezekano mara 1.5 zaidi wa kufeli kuliko wale waliopewa kazi ya kufanya darasani. Lenye kushangaza zaidi ni jaribio la fizikia lililofanyika Harvard na kuchapishwa na Louis Deslauriers na wenzake mwaka 2019. Waliosikiliza mhadhara mtamu walihisi wamejifunza zaidi, kumbe walipopimwa walikuwa wamejifunza kidogo kuliko waliotoka jasho kwa maswali. Mwanafunzi wa Msangano akilalamika kwamba hana video kama wenzake, malalamiko yake yasipuuzwe, ila yasitumike kama kipimo cha alichokosa.

Kwa masomo ya maabara na wodi, hoja yangu inafika mahali na kusimama. Hakuna mtu atakayejifunza kushona jeraha kwa ujumbe wa sauti. Hapo mtandao utabeba nadharia, na mikono itabidi ifuate vifaa vilipo.

Akili unde imeleta pingamizi jipya: swali likitumwa Jumatatu, jibu zuri litakuwa limeandikwa na mashine kabla ya chai. Ndiyo, kama swali ni la kuorodhesha sababu tano za jambo fulani. Swali hilo lilikuwa bovu hata kabla ya mashine, wakati ule likijibiwa kwa madesa ya mwaka uliopita. Swali linalomtaka mwanafunzi apime jambo alipo, aulize wafanyabiashara watatu wa Tunduma, alinganishe na nadharia na aseme wapi nadharia imepwaya, mashine italiremba lakini haitalikusanyia data. Na mhadhiri akimpigia mwanakikundi mmoja simu ya dakika 5, bila kumwambia mapema ni nani atakayepigiwa, atajua kazi ni ya nani.

Linabaki swali la muda wa mhadhiri, na hili halina jibu la bure. Darasa la watu 300 ni vikundi 50. Kila kikundi kikisomwa na kujibiwa kwa dakika 10, ni zaidi ya saa 8 kwa wiki kwa kozi moja, na mhadhiri ana kozi tatu. Anayesema itawezekana hajawahi kusahihisha. Njia ya kati ni kusoma kwa kina vikundi 10 kila wiki kwa zamu, kazi ya saa moja na dakika 40, kisha kutuma kwa darasa zima sauti ya dakika 8 inayotaja makosa yaliyojirudia na jibu moja lililovutia, likitajwa kwa jina la kikundi. Kwa mzunguko huo kila kikundi kinapata jibu lake binafsi mara 3 katika wiki 15, na jibu la jumla kila wiki. Ni kidogo, lakini ni zaidi ya anachopata mwanafunzi wa ukumbi wa watu 300 ambaye kwa kawaida husikia kutoka kwa mhadhiri wake mara moja, kwa alama, muhula ukiwa umekwisha. Hata hivyo saa hiyo na dakika 40 lazima itoke mahali. Vyuo huhesabu mzigo wa kazi kwa vipindi vilivyofundishwa, na hupandisha vyeo kwa machapisho. Kujibu hakuna safu kwenye fomu yoyote. Mhadhiri anayejibu vikundi 10 kila wiki, kwa hesabu za sasa, hafanyi kitu. Kabla chuo hakijaagiza kamera nyingine ya studio, kirekebishe fomu hiyo: saa za kujibu ziandikwe karibu na saa za kufundisha, na mkuu wa idara azikague kwa kufungua majibu ya kikundi kimojawapo kilicho mbali na kuangalia tarehe.